Chatu wa kufuga: joto kwanza, dawa baadaye

Katika miji yetu ya mashariki, chatu anaweza kuingia nyumbani kwa njia nyingi. Mmoja ameokotwa shambani akiwa mdogo, mwingine anaonyeshwa watu sokoni ili mwenyewe apate franka kidogo. Kuna pia kijana aliyeona kwenye simu ginsi watu wa Ulaya wanavyofuga nyoka hawa kama paka, naye akatamani kujaribu. Miezi miwili mitatu baadaye nyoka anakataa kula, povu linatoka mdomoni, kisha anakufa. Wengine watasema amerogwa, ao amekula panya mwenye sumu. Kumbe kitu cha kwanza cha kuangalia ni baridi.

Maelezo haya ni kwa yule ambaye tayari ana chatu nyumbani, kwa yule anayefikiri kumchukua, na kwa majirani wanaoishi ukuta kwa ukuta na nyoka huyo.

Ni chatu yupi watu wanafuga?

Yule anayefugwa sana duniani ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi. Wenye elimu ya nyama wanamwita Python regius, Wafaransa wanasema python royal. Akikomaa anafika mita 1 hadi mita 1 na nusu, na jike huwa mkubwa kuliko dume. Hana sumu. Akiogopa, anajiviringa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Tangu 1975, zaidi ya milioni 3 wa aina hii wamesafirishwa kutoka Afrika Magharibi, hasa Togo, Benin na Ghana, kwenda Marekani, Ulaya na Asia. Lakini kwao wenyewe, katika mji wa Ouidah inchini Benin, nyoka hao wanaheshimiwa na wana hekalu lao.

Kumfuga ni kazi ya miaka. Akitunzwa vizuri anaishi miaka 20 hadi 30, hata zaidi. Mwaka wa 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, jike mmoja aliyekuwa pale tangu 1961 alitaga mayai, akiwa amepita miaka 60.

Kwetu Kongo anayejulikana zaidi ni chatu mkubwa wa Afrika, Python sebae. Upande wa Katanga kuna ndugu yake wa kusini, Python natalensis. Hawa wanaweza kupita mita 4, na mtu mzima mmoja hawezi kushindana na nguvu zao. Digrii na hesabu tutakazotoa hapa ni za yule mdogo, lakini msingi wa joto ni ule ule kwa chatu wote. Kuhusu yule mkubwa tutarudi mwishoni, kwa sababu swali lake si joto peke yake.

Mwili usiokuwa na moto wake

Mtu, mbuzi na kuku wanatengeneza joto ndani ya mwili kutokana na chakula. Ukiwa Goma ao Uvira, mwili wako unabaki karibu na digrii 37. Chatu si hivyo. Joto lake ni lile la pahali alipo. Akihitaji kupashwa, anatoka juani. Akizidiwa, anaingia shimoni. Porini anafanya hesabu hiyo mwenyewe siku nzima. Ndani ya sanduku, wewe ndiwe unayemfanyia.

Joto hilo si raha tu. Ndilo linaloendesha tumbo, damu na nguvu ya kupigana na magonjwa. Wachunguzi wamepima chatu wa Burma, wakaona kwamba baada ya mlo mkubwa moyo wake unaongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 40 ndani ya siku mbili, kusudi mwili uweze kusaga chakula. Kazi kubwa namna hiyo haiwezekani kwenye baridi. Panya aliyemezwa anabaki tumboni, anaanza kuoza, na nyoka anamtapika. Vijidudu ambavyo mwili wenye joto ungevishinda, sasa vinapanda hadi kwenye mapafu.

Chatu wenyewe wanajua thamani ya joto. Huko Afrika Kusini, Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alifuatilia majike ya Python natalensis, na mwaka wa 2018 akaeleza alichoona. Jike mwenye mayai anageuka rangi na kuwa mweusi, anakaa juani mpaka mwili wake unakaribia digrii 40, kisha anarudi shimoni kuyazunguka mayai na kuyapa joto lile. Nyama anayehangaika hivyo kwa ajili ya watoto wake hawezi kuwekwa kwenye katoni chini ya kitanda na kuambiwa avumilie.

Digrii zinazohitajika

Chatu mdogo hahitaji joto moja tu. Anahitaji upande wa joto na upande wa ubaridi kidogo, ili achague:

- Upande wa joto: digrii 31 hadi 33.
- Upande wa pili: digrii 25 hadi 27.
- Usiku: isishuke chini ya digrii 22 ao 23.
- Sanduku lote likipita digrii 35 na hana pa kukimbilia, joto linaweza kumuua.

Weka kipimajoto kila upande, chini kabisa pale nyoka anapolala, si juu ukutani. Mkono wako si kipimajoto. Kitu ambacho mkono unasema ni vuguvugu tu kinaweza kuwa tayari kinaunguza ngozi ya nyoka anayelala juu yake usiku kucha.

Weka pia pahali pawili pa kujificha, kila upande pamoja. Ukiweka pamoja tu upande wa ubaridi, nyoka mwoga atachagua kujificha na kuacha joto, mpaka augue. Sanduku la mbao linatunza joto kuliko la kioo. Liwe na matundu madogo ya hewa na kufuli ya kweli, maana chatu anasukuma kifuniko usiku kucha mpaka kipate nafasi.

Bukavu si Uvira

Hapa ndipo shida ya mikoa yetu inapoanza. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, Butembo iko juu zaidi. Usiku joto linaweza kushuka hadi digrii 15, na wakati wa mvua nyumba ya mbao ao ya bati inakuwa baridi zaidi. Kwa mtu ni blanketi moja ya kuongeza. Kwa chatu ni usiku ambao tumbo linasimama na mapafu yanaanza kuugua.

Uvira, Kalemie na Kindu ziko chini na zina joto. Huko hatari inaweza kuwa kinyume: sanduku la kioo karibu na dirisha, jua la saa saba mchana, bati juu ya kichwa. Ndani ya saa moja sanduku linakuwa tanuru. Usiweke sanduku la nyoka juani hata kwa dakika chache ukisema unampasha.

Kwa hiyo kabla ya kununua chakula ao dawa, pima joto la chumba chako siku saba mfululizo, hasa saa kumi za usiku. Namba utakayoona ndiyo itakuambia kama unaweza kufuga chatu ao hapana.

Vyombo vya joto na delestaji

Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanatumia mkeka wa joto unaowekwa chini ya sanduku, kwa nje, upande mmoja tu. Wengine wanatumia ampuli ya kauri isiyotoa mwangaza, ikining'inia juu ndani ya wavu ili nyoka asiiguse. Chombo muhimu kuliko vyote ni termostati, kile kidude kinachokata umeme joto likifika digrii uliyopanga na kuurudisha likishuka. Mkeka bila termostati unaweza kupita digrii 40. Mawe ya umeme yanayouzwa kwa ajili ya nyama hawa ni ya kuepuka kabisa, yameunguza nyoka wengi.

Wengi wanashangaa: kwa nini nyoka haondoki akiungua? Chatu hakimbii upesi joto linalomgusa tumboni. Kama hewa iliyo juu yake ni baridi, anabaki amelalia kitu cha moto hata kama ngozi yake inaharibika. Ndiyo maana inafaa kupasha hewa pia, si sakafu peke yake.

Swali la kwetu ni umeme. Delestaji ikija saa mbili za usiku na umeme kurudi asubuhi, nyoka wako analala wapi? Hesabu yake si ngumu. Mkeka mdogo unatumia kama wati 20. Kwa saa 10, hiyo ni wati-saa 200. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa kama 600, lakini si vizuri kuitumia kupita nusu. Nusu hiyo, 300, inatosha kwa usiku mmoja hata ukitoa kile konvertisa inachokula. Kwa hiyo paneli ndogo ya jua na betri inayofanya kazi vizuri vinaweza kumuokoa chatu mmoja. Ampuli ya wati 100 haiwezekani kwa betri hiyo.

Asiye na betri atumie maji ya moto. Jaza bidoni ya lita 5 maji ya moto yasiyochemka, funga kabisa, izungushe kitambaa kizito, iweke upande mmoja wa sanduku, kisha funika sanduku kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa. Badilisha maji kila saa tatu ao nne. Ni kazi ya kuamka usiku. Na kama juma zima hakuna umeme, usimlishe: ni afadhali akae na njaa kuliko akae na panya anayeoza tumboni.

Kitu kimoja usifanye: usiingize mbabula ya makala katika chumba kilichofungwa ili kumpasha nyoka. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyokuwa na harufu wala rangi. Inaua watu wakiwa wamelala, wanaoanza kulegea ni watoto. Usiache pia mshumaa ao taa ya mafuta kando ya sanduku la mbao. Katika mitaa yetu ambako nyumba zimebanana, moto wa nyumba moja unaishia kwenye nyumba kumi.

Unyevu na kuvua ngozi

Chatu mdogo anataka hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hadi 60, na kidogo zaidi wakati anajitayarisha kuvua ngozi. Utajua wakati huo umefika: macho yanakuwa ya bluu yenye ukungu, rangi inafifia, na anakuwa mkali. Usimsumbue. Ngozi inapaswa kutoka nzima kama soksi. Ikitoka vipande vipande, hewa ni kavu. Mwekee kopo lenye kitambaa kibichi aingie mwenyewe. Ukiona ngozi ya jicho imebaki, usiivute kwa kucha, unaweza kuharibu jicho lenyewe.

Lakini unyevu si matope. Sanduku lenye maji chini, tena baridi, linaleta malengelenge na vidonda kwenye tumbo. Tandika karatasi kavu, na uzibadilishe zikichafuka.

Dalili za ugonjwa

Nyoka halii wala hakohoi kama mtu, hivyo angalia kwa macho na masikio:

- Mapafu: anafungua mdomo ili apumue, anapiga mluzi, anatoa povu ao ute, anainua kichwa juu muda mrefu.
- Mdomo: ufizi mwekundu, usaha kama jibini, harufu mbaya.
- Ngozi: vidonda, malengelenge, magamba yaliyogeuka kahawia, alama za kuungua.
- Utitiri: vidoti vyeusi vinavyotembea chini ya magamba, karibu na macho, ao vimeelea kwenye maji yake ya kunywa.
- Mishipa ya fahamu: anageuza kichwa kuangalia juu, anashindwa kujigeuza akilazwa mgongoni.
- Tumbo: anatapika, ao anakonda mpaka uti wa mgongo unaonekana.

Ukiona dalili ya mapafu, kitu cha kwanza ni kusoma kipimajoto. Rudisha upande wa joto kwenye digrii 32 ao 33, usiku na mchana, bila kufunga upande wa pili. Hii si badala ya munganga wa mifugo, ila dawa yake haitafanya kazi vizuri kwenye mwili wa baridi. Usimpe antibiotiki ya watu uliyobakiza nyumbani. Kipimo kinategemea uzito, na dawa iliyozidi inaharibu figo zake.

Kuna magonjwa ambayo joto haliponyi. Mwaka wa 2014 wachunguzi walieleza virusi vya kundi la nidovirus vinavyoshambulia mapafu ya chatu hawa. Kuna pia ugonjwa wa virusi vya arena, ambao unashika akili za nyoka na kumfanya aangalie juu kama mlevi. Kinga yake ni kutochanganya nyoka: mgeni akae chumba kingine miezi mitatu, na vyombo vyake visiguse vya mwenzake.

Kwa utitiri, choma karatasi zote, osha sanduku kwa maji ya moto na sabuni, kausha, kisha rudia baada ya siku chache kwa sababu mayai yanabaki kwenye nyufa. Usimpake petroli, mafuta ya taa wala dawa ya mende. Vinamuua nyoka kabla ya kumaliza wadudu.

Chakula kisimletee kidonda

Chatu mdogo mzima anakula mara moja kwa juma moja hadi mawili. Panya asiwe mnene kuliko pahali pa mwili wake palipo panene zaidi. Watoto wa simbilisi na wa sungura wanaweza kufaa kwa nyoka aliyekua. Panya mzima asiachwe usiku na nyoka: nyoka asipokuwa na njaa, panya ndiye atamla yeye. Panya aliyekamatwa mjini anaweza kuwa na sumu tumboni. Baada ya mlo, usimshike kwa siku mbili.

Chatu mdogo akikataa kula majuma kadhaa, usiogope mara moja, ni tabia ya jamii yake. Mpime kwenye mizani kila juma. Akipoteza sehemu moja kwa kumi ya uzito wake, hapo kuna jambo.

Afya ya watu wa nyumba

Nyoka anayeonekana mzima anaweza kubeba Salmonella katika mavi yake, nayo inaleta kuhara kukali. Watoto chini ya miaka 5, wazee, mama mjamzito na mtu mwenye kinga dhaifu wasimguse wala wasioshe sanduku lake. Vyombo vyake visioshwe pahali pa kuoshea sahani. Kila ukimshika, nawa kwa sabuni.

Chatu wa porini ana mgeni mwingine ndani yake. Anaitwa Armillifer armillatus, mdudu anayeishi katika mapafu ya chatu na ya baadhi ya nyoka wenye sumu. Mayai yake yanatoka kwa ute na kwa mavi. Mtu akiyameza, watoto wa mdudu wanajificha katika viungo vyake, mara nyingi bila dalili. Lakini hapa inchini kwetu, katika Sankuru, wanganga wamewakuta watu wenye mdudu huyo ndani ya jicho. Mtu anaweza kuyameza kwa mikono michafu, kwa maji, ao kwa nyama ya nyoka isiyoiva. Kwa hiyo anayemchuna ao kumpika nyoka yuko kwenye hatari sawa na anayemfuga.

Akikuuma, chatu hana sumu, ila meno yake ni mengi na yanaingia ndani. Osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya waangalie kidonda na chanjo ya pepopunda.

Chatu mkubwa, na sheria

Sasa yule Python sebae. Mwezi wa Agosti 2013, huko Campbellton, Canada, chatu wa aina hii alitoka ndani ya kizimba chake ghorofani, akapitia njia ya hewa na kuua watoto wawili wa kiume waliokuwa wamelala. Nyoka ambaye leo ana urefu wa mkono wako atakuwa mkubwa kuliko wewe baada ya miaka michache. Nyumba yenye watoto si pahali pake, hata joto likiwa sawa.

Sheria nayo ipo. Chatu wote wamo katika orodha za CITES, mkataba ambao Kongo imeingia tangu 1976. Ndani ya inchi kuna sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa asili. Kabla ya kumkamata, kumuuza ao kumvusha mpaka, uliza ICCN ao idara ya mazingira ya jimbo. Kwa ushauri wa ugonjwa, Lubumbashi na Butembo kuna vitivo vya chuo kikuu vinavyofundisha wanganga wa mifugo, na kituo cha utafiti cha Lwiro, katika Kabare, kina watu wanaochunguza nyoka.

Uliyemchoka usimtupe porini, hasa kama ametoka inchi nyingine ao amekaa na nyoka wengine. Anaweza kupeleka ugonjwa kwa wenzake. Florida, huko Marekani, chatu wa Burma waliotoka mikononi mwa wafugaji wameongezeka mno na kula nyama wa pori wa huko.

Na kama wewe ni mkaaji wa mlimani, huna betri, na umeme kwako ni wa kubahatisha, jibu ni fupi: usimchukue. Kama tayari unaye, anza leo jioni na kipimajoto, bidoni ya maji ya moto na kufuli.